Mfuko wa Wimbi

Nyansiongo,
Jumapili alasiri

Kerubo mwanangu,

Saa hizi uko Magwagwa kwa magokoro wako, bibi yako mzaa baba, umekalishwa jikoni unalishwa mpaka ushindwe kuinuka, na baba yako ameketi nje akijifanya hasikii mnavyochekana. Nyumba imenyamaza. Nimefagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nimelipanga upya sanduku lako, ambalo ulikuwa umelipanga vizuri kuliko mimi. Mwisho nimejikemea, nikavuta kiti karibu na dirisha ili niandike kabla hamjarudi. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Nairobi kusomea unesi, na kuna mambo ambayo mdomo wangu haukuweza kukuambia miaka yote hii.

Sitakueleza namna ya kupiga pasi sare, wala saa ya kulala, wala vijana wa kuwaepuka. Hayo magokoro anakuambia sasa hivi, tena kwa maneno ambayo mimi siwezi kuyatamka. Ndiyo haki yake. Kwetu bibi na mjukuu hutaniana juu ya lolote, lakini mama na binti yake wamewekewa chinsoni katikati. Umekua nayo kama sote tulivyokua nayo: ile heshima iliyochanganyika na haya, inayomkataza mzazi kuutaja mwili mbele ya mtoto, na mtoto mbele ya mzazi. Sisemi ni mila mbaya. Imetutunza. Lakini mimi imenigharimu, na sitaki ikugharimu wewe.

Kwa sababu ninachotaka kukuandikia ni habari ya titi. Tazama, nimeliandika, na mkono haukukauka! Kwa Ekegusii nisingeweza, neno lingenikwama kooni. Kiswahili nilikipata darasani, nikakifundisha kwa chaki miaka mingi, kwa hiyo maneno yake hayanitazami kwa macho ya mama yangu. Ndiyo maana barua hii ni ya Kiswahili. Usianze kunicheka na kusema mwalimu hawezi kuacha ualimu.

Unasubiri jibu tangu Machi. Daktari wa Nairobi naye anasubiri, na tulikubaliana kwamba utamfikishia wewe. Je, mama ataingia tena chumba cha upasuaji, awekewe mfuko wa silikoni mahali pa titi lililoondolewa, au atabaki alivyo? Jibu limo humu. Ila usirukie mwisho. Nakujua, hata vitabu vya hadithi ulikuwa ukivianzia ukurasa wa nyuma.

Unaikumbuka siku tuliyohamia hapa? Ulikuwa mdogo, Uhuru ulikuwa umekuja juzi tu, na baba yako alikuwa amepata shamba katika ardhi iliyoachwa na wazungu. Tulitoka Magwagwa na kuku, vyungu, na godoro moja. Wewe nilikubeba mgongoni. Watu wa Magwagwa walituonea huruma kwamba tunakwenda kufa kwa baridi. Na kweli baridi ilikuwepo, ukungu ulikuwa unaingia mpaka chini ya kitanda. Baba yako alikuwa akiamka na kwenda kusimama katikati ya majani, mikono nyuma, akiangalia ardhi kana kwamba ingeweza kubadili nia na kumtoroka. Mimi nilikuwa nikimtazama kutoka mlangoni nikiwa nakunyonyesha. Ulikataa kuacha ziwa, Kerubo. Ulikuwa na meno yote na bado unakuja mbio kutoka kwenye pareto, maua meupe kichwani, unanivuta kanga. Majirani walinisema. Nami nilijifanya nimekasirika, lakini sikukasirika hata kidogo.

Nakuandikia hayo ili ujue kwamba mwili wangu niliupenda. Hakuna aliyenifundisha kuupenda, na kanisani tulifundishwa kuufunika tu. Lakini nilipokuwa msichana, Magwagwa, tukienda mtoni kuoga wasichana watupu, nilikuwa najua kwamba Nyaboke ana kifua kizuri. Nilitembea nikijua. Wenzangu waliniita kwa jina la utani ambalo sitaliandika hata kwa Kiswahili, muulize magokoro, aliletewa habari zangu kabla hajaniona. Natamani ungemwona msichana yule akipanda kilima na mtungi kichwani bila kuushika. Mara nyingine ninapovuna majani ya chai, ambayo sisi Wasabato tunailima kwa bidii na hatuionji, namkumbuka namwonea wivu kama mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye uvimbe. Niliuhisi wakati wa kupanda mahindi, upande wa kulia, karibu na kwapa. Haukuuma. Nikajiambia ni maziwa yako ya zamani yaliyoganda. Usicheke, nesi. Mtoto aliyekataa kuacha ziwa, nikasema, ameniachia deni lake ndani. Mahindi yakaota, yakapaliliwa, yakachanua, na uvimbe nao ukawa unakua pole pole. Nilikuwa mwalimu, niliyewafundisha watoto wa watu kunawa mikono na kuchemsha maji, na sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mama yangu mzazi alikuwa amekufa. Magokoro ni mama mkwe, haya tele. Baba yako ni mume, lakini hata naye kuna maneno ya gizani ambayo hayatamkwi mchana. Wewe ulikuwa mtoto. Nilizungukwa na watu wanaonipenda, na katika wote hao sikuona hata mmoja niliyeruhusiwa kumwambia.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu, darasa la nne, wakati uvimbe uko ndani ya nguo zangu. Watoto wakaisoma kwa sauti moja. Nikawaambia vizuri sana.

Aliyeniokoa ni Mama Sabina, jirani yetu, unavyomjua asivyo na breki. Tulikuwa tunapima maziwa akaniona nashika debe kwa mkono wa kushoto. Akanivuta nyuma ya ng'ombe, akapeleka mkono ndani ya blauzi yangu bila hodi. Akasema, "Nyaboke, hii ni nini? Unataka Kerubo alelewe na mama gani?" Wiki ile ile alinipeleka hospitali ya misheni akinishika mkono kama mfungwa. Daktari hakunilaumu. Alisema tu kwamba ningekuja wakati wa kupanda, angekata kidogo.

Sitakusimulia upasuaji, utauona mwenyewe na utauzoea. Nitakusimulia siku moja baada ya kurudi nyumbani. Ulichota maji ya moto ukaniletea kwenye karai ili nioge. Nikakuambia kupitia mlango, "Weka hapo nje." Ukaweka. Lakini hukuondoka, nikaona vidole vya miguu yako chini ya mlango. Ukauliza, "Mama, unakufa?" Na mimi, mama yako, nikajibu, "Ndama wamefungwa?" Ukasema bado. Nikasema nenda ukawafunge.

Vidole vile sijavisahau. Ulihitaji kuona kovu, ujue ni kovu tu, mstari uliopinda, si mlango wa kaburi. Nilidhani nakukinga. Kumbe nilikuacha nje na picha uliyojichorea mwenyewe, na mtoto huchora vibaya kuliko ukweli. Tangu siku ile nikawa nakukumbatia kwa bega la kushoto. Najua uliona. Hukusema kitu, nawe chinsoni ilikuwa imekukaa vizuri kuliko nilivyotaka.

Basi tucheke kidogo, maana kulikuwa na kuchekesha pia.

Ubaoni sikuweza tena kuinua mkono wa kulia zaidi ya bega. Nikawa naandika nusu ya chini tu, na watoto wa nyuma wanasimama juu ya madawati. Kifua nacho kilikuwa kimelala upande mmoja, na mtoto wa darasa la nne hana huruma. Nikajaribu pamba ndani ya sidiria. Pamba ni nyepesi, ilikuwa ikipanda; naanza hesabu iko mahali pake, tukifika majibu iko karibu na shingo. Nikajaribu matambara, yakawa magumu kama ngumi. Ndipo siku moja nikiwa napepeta wimbi la uji, nikalishika kiganjani, likajaa vizuri, likalegea, likawa na uzito wake. Nikakata foronya kuukuu, nikashona kifuko cha mviringo, nikajaza wimbi. Nikakivaa. Nikatembea kutoka chumbani hadi zizini na kurudi. Baba yako alikuwa ananoa panga, akainua macho akatabasamu, akaendelea kunoa. Nilijisikia nimepata kazi mpya.

Halafu yakaja makambi ya Nyanchwa, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka. Wewe ulibaki na ng'ombe mwaka ule, na wote walioniuliza baadaye niliwaambia tu kwamba mahubiri yalikuwa mazuri. Tulikaa kwenye mahema, akina mama wote pamoja, tumelala tumebanana. Mvua ya alasiri ikatunyeshea siku ya kwanza tukiwa tunapanda kilima na mizigo, tukalowa mpaka mifupani. Wenzangu walibadilisha nguo. Mimi kifuko sikukitoa. Ningekitoa wapi, mbele ya macho ya watu wote wale? Nikalala nacho kibichi, nikaamka nacho, nikaimba nacho, nikasali nacho. Kifuani ni pahali pa joto, Kerubo. Wewe ni mtoto wa Mgusii, hebu fikiri mwenyewe wimbi likiloweshwa na kuwekwa pahali pa joto linageuka kuwa nini.

Siku ya tatu nilisikia harufu. Nikageuza uso nikamtazama dada aliyekuwa kulia kwangu. Naye alikuwa ananitazama. Katikati ya ombi refu la mzee wa kanisa, Mama Sabina akanong'ona kwa sauti yake ambayo haijui kunong'ona, "Nani amekuja na busaa hapa makambini?"

Hema zima likafumbua macho. Ombi lilipoisha wakaanza kukagua vikapu. Wakafungua chupa za uji wakanusa moja moja. Binti mmoja wa watu alishukiwa mpaka akalia. Na mimi, mke wa shemasi, mwalimu, nimesimama na Biblia yangu, kimea kinachacha kifuani pangu mbele za Bwana.

Nilimshika Mama Sabina mkono nikamtoa nje, nyuma ya mahema, nikamwambia, "Wacha kutafuta. Ni mimi." Hakuelewa. Nikafungua vifungo, nikakitoa kifuko, nikakipasua mshono. Wimbi lilikuwa limeota vimikia vyeupe, limeshikana, na harufu yake ingemfurahisha mlevi yeyote wa soko la Magwagwa. Mama Sabina akatazama kifuko, akanitazama mimi. Akasema, "Nyaboke. Umepika pombe bila chungu." Akaketi chini kwenye nyasi mbichi, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Nami nikaketi. Nilicheka nikalia, na ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu hospitali. Alipomaliza akafuta macho, akasema, "Lionyeshe hilo kovu nilione." Nikamwonyesha, mchana kweupe, kilimani. Akaligusa kwa kidole. "Ni hili tu?" akauliza. "Nilidhani wamekutoboa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kukaanga wimbi kwanza kabla ya kulijaza. Wimbi lililokaangwa haliwezi kuota. Ndilo nimelivaa mpaka leo, na sasa unajua kwa nini jikoni kwetu kulikuwa kukinukia wimbi la kukaangwa na uji hauonekani.

Sasa Nairobi. Machi uliponisindikiza kuangaliwa, ulikaa kwenye benchi nje nami nikakupa nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii. Daktari yule mgeni alinipima kwapa zote mbili, akasema ugonjwa haujarudi, na kwamba miaka iliyopita inatosha mtu kuanza kupumua. Halafu akafungua droo akanipa kitu mkononi. Kilikuwa baridi, kizito, kinaonyesha upande wa pili, kikatetemeka kama mchuzi wa miguu ya ng'ombe ulioganda. Nikataka kukirudisha. Nesi aliyetafsiri, mama mmoja wa kutoka kando ya ziwa, mrefu, mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe, akasema, "Shika tu, mama. Haiumi. Watu wengi wanaogopa kuishika halafu wanakataa kuirudisha."

Kupitia kwake nikaelezwa. Naweza kubaki nilivyo, na hakuna atakayenilaumu. Naweza kutafutiwa titi la mpira la kuvaliwa nje, la kuagizwa ng'ambo, kama wimbi langu lakini lisiloota. Au naweza kupasuliwa, mfuko ule ukawekwa ndani, chini ya msuli. Aliyenikata zamani aliniachia msuli, na ngozi imelegea kiasi, kwa hiyo haitalazimu kunyofoa nyama ya mgongoni kama wanavyowafanyia wengine. Lakini lazima uwe mfuko mdogo. Hautalingana na mwenzake. Mwenzake atashuka kadiri ninavyozeeka, na huu utabaki pale pale ulipowekwa. Hautakuwa na hisia. Unaweza kukakamaa, ukawa mgumu kama parachichi bichi. Kidonda kinaweza kuoza, mfuko ukalazimika kutolewa, nikarudi nilipokuwa, na kovu la pili juu yake. Na lazima niendelee kupimwa, kwa sababu jambo baya linaweza kujificha nyuma yake.

Nikamuuliza nesi, "Kama ni hivyo, faida yake ni gani?"

Hakumuuliza daktari. Alinijibu mwenyewe. "Mama, hii kitu si ya kukuponya. Wewe umeshapona. Hii ni ya roho yako tu. Kama roho inataka, inataka. Kama haitaki, unaenda nyumbani kukamua ng'ombe yako."

Nilirudi na maneno yale, nikaanza kuuliza watu wengine roho yangu inataka nini. Hilo ndilo kosa langu la pili baada ya kuficha, na limeniganda muda mrefu zaidi. Baba yako nilimwambia kwenye chai, tukichuma. Akafikiri mistari miwili mizima. Akasema, "Mimi nilikuoa wewe, sikuoa kifua." Ni neno zuri, nami nalitunza. Lakini mwanamume akishasema hivyo anadhani amemaliza kazi. Sikumuuliza alioa nini. Nilikuwepo siku ile, na kifua nacho kilikuwepo! Mama Sabina, mwenye mdomo wake, akasema Mungu alitoa mawili akachukua moja, na mimi ni nani wa kudai. Kesho yake akarudi akasema, "Usinisikilize, mimi ninayo yote." Magokoro, ambaye habari zilimfikia sijui kwa njia gani, alimtuma baba yako aniambie kwamba hata ng'ombe wa chuchu tatu hukamwa. Baba yako aliufikisha ujumbe huo akitazama ukuta.

Na wewe. Tulikuwa tunaosha vyombo, ukasema bila kuinua macho, "Mama, kubali. Uwe mzima tena."

Nilijua umesema kwa upendo, na ilikuchukua nguvu kulitoa neno lile. Lakini lilinichoma, nami nakuambia wazi ili usije ukamwambia mgonjwa neno kama hilo. Mimi ni mzima. Nilikuwa mzima nikiandika nusu ya chini ya ubao. Nilikuwa mzima Nyanchwa na kimea changu. Ukiwaona wanawake waliokatwa wamelala wodini mwako, usiwaonee huruma kama vikombe vilivyovunjika mkono. Waulize wanataka nini, halafu nyamaza wakujibu.

Hivyo nami nimejiuliza. Wiki hizi zote nilikuwa natafuta sababu inayoruhusiwa. Sisi walimu tumezoea sababu. Nikasema labda ni kwa ajili ya kazi, lakini mkono hautapanda ubaoni kwa sababu ya silikoni. Nikasema labda kwa ajili ya baba yako, na yeye amekwisha kusema lake. Nikasema labda kwa ajili yako, usione haya kwa mama yako mjini, na wewe huna haya hiyo. Sababu zote zikaisha. Ikabaki moja ambayo sikuwahi kusikia mwanamke wa kwetu akiisema kwa sauti: nataka.

Nataka, Kerubo. Nina umri wa kungoja wajukuu, na nataka. Nataka kuinama juu ya ndoo bila kujishika kifua kwa mkono mmoja. Nataka kuamka nisitafute kifuko chini ya mto kabla ya kufungua mlango. Najua halitakuwa titi. Najua litakuwa dogo, halitahisi, na huenda likakakamaa. Yule msichana wa mtoni Magwagwa harudi, nami sitamdanganya mtu. Lakini kitakuwa kitu changu nilichokichagua nikiwa na akili zangu, na katika mwili huu vingi vilikuja na vikaondoka bila mimi kuulizwa. Kikinikataa, watakitoa. Nitakuwa nimejaribu.

Kwa hiyo mwambie daktari mama anakuja. Na wewe usiahirishe masomo kunisubiri, kama ulivyomnong'oneza baba yako ukidhani sisikii. Nitakuja baada ya mavuno, Mama Sabina atanileta, unajua tena jinsi anavyoshika watu mkono.

Nina ombi moja, na ni zito. Siku watakapofungua bandeji, usisimame nyuma ya mlango. Ingia. Simama na manesi wenzako utazame, vyovyote itakavyokuwa. Mama yangu mzazi alikufa kwa kile tulichokiita ugonjwa wa kifua. Alijifunga blanketi mpaka mwisho, na sisi binti zake hatukuthubutu kumfunua. Mpaka leo sijui kilikuwa kifua kipi, cha kukohoa au hiki changu. Sitaki uje uwe na umri wangu ukiwa hujui. Jikague mwenyewe, mara kwa mara, bila haya. Ukihisi kitu, hata kidogo kama punje, niambie. Niambie kwa Kiswahili ukitaka. Niambie hata nikiwa na wageni.

Jua limefika kwenye mibuni ya jirani, nasikia mbwa anabweka upande wa barabara, huenda ni nyinyi. Barua hii nitaitia sanduku chini ya kanga mpya, utaikuta huko. Lakini kuna jambo utaliona kabla hujaisoma, ndiyo maana naliandika ili baadaye uelewe.

Muda mfupi uliopita nimekipasua kifuko. Wimbi nimewamwagia kuku, wamelila lote wala hawakuuliza limetoka wapi. Nikilihitaji tena kabla ya mavuno, ghalani bado lipo. Ila kesho asubuhi pale kituoni nitakuja nilivyo, upande mmoja umejaa, mwingine uko wazi, mbele ya watu wote wa Nyansiongo na utingo wa basi. Nitakukumbatia kifua kwa kifua, kama nilivyokukumbatia tulipofika hapa na godoro moja. Utashangaa kidogo, halafu nawe utanikumbatia kwa nguvu.

Mama yako,
Nyaboke